GARI LA BABU: KUTUNZA NA KUTENGENEZA GARI LA ZAMANI NYUMBANI

Soma insha ifuatayo kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii huielewa zaidi mtu mwenye gari la zamani. Gari la kisasa likiharibika, fundi huchomeka kompyuta na kusoma ugonjwa wake. Gari la zamani halina kompyuta. Huugua polepole na kuonesha dalili kwa sauti, kwa harufu na kwa matone ya oili chini yake. Mwenye nalo asipojifunza kusoma dalili hizo, litamfia mikononi.

Nyumbani kwetu Kamachumu, wilayani Muleba, tunalo gari la namna hiyo. Ni Land Rover Series III, aina iliyotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Marehemu babu alilinunua likiwa limekwishatumika, kwa fedha za kahawa. Kwa miaka mingi lilibeba magunia ya kahawa kwenda chama cha msingi, lilibeba maharusi, na usiku wa mvua lilibeba wagonjwa kwenda Hospitali ya Ndolage. Wapo watu wazima kijijini ambao mama zao waliwahishwa kujifungua kwa gari hilo.

Babu alipofariki, gari lilikaa chini ya mparachichi miaka mitatu. Tairi ziliisha upepo, na kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma. Ndipo alipokuja mnunuzi wa chuma chakavu, na baba mdogo akaitisha kikao cha familia. Hoja yake ilikuwa na uzito. Binti yake alikuwa anajiandaa kwenda kidato cha tano katika mkoa wa mbali. Nauli, sare na godoro vilihitaji fedha.

"Mwalimu," aliniambia, "kumbukumbu haimnunulii mtoto godoro."

Sikubishana naye, kwa sababu alisema kweli. Niliomba mahitaji ya binti yule yawe juu ya mshahara wangu, na familia inipe muda hadi msimu wa kahawa. Gari lisipotembea kufikia hapo, mnunuzi aje alichukue. Bibi ndiye aliyefunga kikao. "Mpeni," alisema. "Lakini mjukuu wangu, usije kuniomba mkungu wa ndizi ukauze ununue spea."

Mimi si fundi. Ni mwalimu wa Kiswahili mwenye mikono iliyozoea chaki. Nilimfuata mzee mmoja aliyekuwa akilitengeneza gari hilo enzi za babu, naye akakubali kunifundisha kwa masharti mawili. Kwanza, nisifungue nati yoyote kabla ya kueleza kazi yake. Pili, kila kinachofunguliwa kipangwe juu ya gunia kwa mfuatano kilivyotoka. Masharti hayo yalinifaa kuliko spana zote nilizonunua.

Tulianza na injini. Kabla ya kupiga stati, mzee alinitaka nitoe plagi zote nne, nimimine oili kidogo ndani ya kila silinda, kisha niizungushe injini taratibu kwa mpini wa mkono. Injini iliyolala muda mrefu huwa kavu. Ukiiwasha ghafla, chuma husugua chuma. Hayo ni yale yale ya msuguano tunayosoma katika Fizikia.

Injini ya petroli huhitaji mafuta, hewa na cheche. Petroli iliyokaa miaka mitatu ilikuwa imeharibika na kuacha utando kama gundi, hivyo tuliimwaga yote na kuosha kabureta. Pointi za ndani ya distributa zilikuwa zimeingia ukungu. Tulizisugua kwa msasa laini na kuziachia nafasi ya milimita 0.4 hivi, ambayo mzee aliipima kwa kibati chembamba maalumu. Waya za plagi hufuata mpangilio wa 1, 3, 4, 2. Ukibadilishana waya mbili tu, injini hukohoa na kugoma.

Baada ya injini tulikagua bodi. Sehemu kubwa ya bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, kwa sababu gari hili lilipozinduliwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Ndiyo maana mabati yake hayaozi upesi. Lakini chasisi ni ya chuma, na adui yake ni maji na hewa, kama tujifunzavyo kwenye Kemia. Kwetu Kamachumu mvua hainyeshi kwa mapumziko marefu. Tope jekundu likijificha kwenye kona za chasisi hutunza unyevu, na kutu hula kutoka ndani. Dawa yake ni rahisi: osha chini ya gari baada ya safari za tope, acha likauke, kisha paka rangi au grisi palipochubuka.

Jambo lililonishangaza zaidi ni breki ya mkono. Katika gari hili, breki hiyo haishiki magurudumu moja kwa moja. Hushika shafti inayopeleka nguvu nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gurudumu hilo huwa huru kuzunguka, na lile lililobaki chini nalo huweza kuzunguka upande wa pili. Gari linaweza kuporomoka ingawa breki ya mkono imevutwa. Kwa hiyo, kabla ya kugusa jeki, weka jiwe au gogo mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Na injini ikichemka, usifungue mfuniko wa rejeta hadi ipoe, kwa sababu maji yaliyo chini ya shinikizo huruka na kuunguza uso.

Zipo kazi ambazo mimi sifanyi nyumbani. Kubadilisha oili, kusafisha plagi, kupaka grisi, kukaza mkanda wa feni na kuseti pointi, hayo nayafanya mwenyewe Jumamosi. Lakini breki na usukani humwita fundi, nami nikamshikia taa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yakizeeka, huchemka upesi breki zinapopata moto, na kanyagio huzama bila kushika. Mtu anayeshuka mlima kuelekea Muhutwe akiwa na watu nyuma hana haki ya kujaribu bahati yake.

Kuhusu fedha, mali bila daftari huisha bila habari. Nilifungua daftari la kurasa mbili kwa kila mwezi: upande mmoja spea na ufundi, upande wa pili safari na magunia yaliyobebwa. Daftari hilo limeninyima usingizi mara kadhaa, maana gari hili hunywa petroli kuliko gari dogo la kisasa. Ndiyo maana halitumiki kwa matembezi. Hutoka kwa kahawa, kwa mgonjwa au kwa msiba.

Msimu wa kahawa ulipofika, gari lilikuwa linatembea. Mwezi Julai lilishuka hadi Muhutwe likiwa na binti wa baba mdogo, sanduku lake na godoro. Baba mdogo alikaa mbele. Kabla ya mteremko aliuliza swali moja tu: "Breki umezipima?" Nilimjibu kwamba zimepimwa, na na fundi. Akanyamaza hadi tulipofika barabara kuu.

Si mimi pekee ninayethamini magari haya. Mwezi Oktoba 2024, mamia ya Land Rover yalikusanyika jijini Arusha katika tamasha lake.

Kwa kuhitimisha, si kila kitu cha zamani kinafaa kuokolewa. Gari likiwa limeoza chasisi, au likiwala watoto ada na chakula, liuzwe bila machozi. Lakini kabla ya kuuza, jiulize kama kimeshindwa chombo au umeshindwa utunzaji. Kijana anayejua kufungua, kusafisha, kupima na kurudisha kila nati mahali pake ana elimu itakayomfaa kwenye baiskeli, kwenye pampu ya maji na kwenye cherehani ya mama yake.

MASWALI

1. Eleza hoja ya baba mdogo ya kutaka gari liuzwe. Je, mwandishi aliijibuje?
2. Kwa nini breki ya mkono peke yake haitoshi gari hili linapoinuliwa kwa jeki?
3. Taja methali mbili zilizotumika katika insha na ueleze zinavyohusiana na utunzaji wa gari.
4. Fafanua maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (a) litamfia (b) hukohoa (c) hunywa.
5. Andika insha isiyopungua maneno 250 kuhusu kifaa cha zamani kinachotunzwa nyumbani kwenu.