Mwandiko Mbaya si Uvivu

Huenda nyumbani kwako yumo mtoto ambaye akiulizwa jambo hujibu kwa ufasaha, lakini akishikishwa penseli huonekana kama hajui kitu. Mimi ninaye mmoja, mpwa wangu, mwanafunzi wa Darasa la Nne. Hadithi huisimulia hata watu wazima wakasahau kula. Mwambie aiandike: baada ya nusu saa utakuta mistari mitatu, herufi zimepandana, maneno yameshikana, na ukurasa umetoboka kwa jinsi alivyoikandamiza penseli. "Mjomba, mkono unaniuma," huniambia, na kweli humuuma.

Shuleni, insha yake moja ilirudi na sifuri na neno "Mvivu" kwa wino mwekundu. Viboko vikafuata. Haukupita muda akaanza kuumwa tumbo kila siku ya insha.

Hali hii wataalamu huiita disgrafia. Si uvivu, wala si upungufu wa akili. Mkono wa mtoto mwingine huzizoea herufi, ukaziandika bila kufikiriwa. Kwa huyu, kila herufi ni kazi mpya, na fikra ambazo zingetunga sentensi humalizikia katika kuchora "g" moja. Kumwadhibu kwa kunakili ukurasa mara kumi ni kumchosha tu.

Vifaa vya kumsaidia si lazima vitoke ng'ambo. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kikizungushwa kwenye penseli huinenepesha, vidole vikaishika bila kuikaba. Faili nene chini ya daftari huuinua ukurasa, mkono ukapata mahali pa kutulia. Gundi ikipakwa juu ya mistari na kuachwa ikauke, mtoto huuhisi mstari kabla hajauvuka.

Kisha ziko mashine. Watakuwapo watakaonung'unika kwamba mashine huwadekeza watoto. Napenda wakumbuke kuwa moja ya mashine za chapa za mwanzo kabisa ilitengenezwa Italia, mwanzoni mwa karne ya 19, na Pellegrino Turri, ili rafiki yake aliyekuwa kipofu aweze kujiandikia barua. Sisi waandishi wa magazeti tuliirithi baadaye; na hakuna mhariri aliyepata kunidai mwandiko mzuri.

Tangu mwaka 2017, huduma ya Google imeziwezesha simu za kisasa kuandika Kiswahili kinachosemwa. Imla imegeuzwa: mtoto husema, simu huandika. Haikosi kasoro, kwani makelele huichanganya na majina ya watu huyaharibu vibaya. Hata hivyo, jioni moja mpwa wangu aliishika simu ya mama yake akatoa insha ya ukurasa mzima na nusu juu ya soko la samaki la Feri.

Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 katika masomo mengine. Lakini muda huo utamfikiaje mtoto ambaye shuleni kwake anajulikana kwa jina la mvivu?

Juma lililopita dada yangu alikwenda kumwona mwalimu, mkono mmoja daftari lenye mistari mitatu, mkono wa pili ile insha, imechapwa kwa mwenye steshenari. Mwalimu alizisoma zote mbili, akauliza hii ya pili ni ya nani. Amekubali kumsikiliza mtoto kwa mdomo katika somo moja. Kuhusu insha, amesema atashauriana kwanza na wenzake.