Babu Yangu Alitembea kwa Miguu Hadi Kampala

Wadau, wiki iliyopita tumemzika babu, mzaa mama. Kwa wengi wa umri wangu Vita vya Kagera ni swali la mtihani wa historia tu. Kwetu vilikuwa mtu kabisa, anakaa barazani na redio yake, mguu mmoja anauburuza.

Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, wakalilipua na daraja la Kyaka. Babu alikuwa kijana wa JWTZ. Mutukula, Masaka, Lukaya, sehemu kubwa kwa miguu, mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 1979.

Sisi wajukuu tulitaka stori za mizinga. Yeye anasimulia mvua, buti zilizooza miguuni, na rafiki yake waliyekuwa wanagawana sigara nusu kwa nusu. Huyo rafiki amelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa. Mjomba wetu mkubwa anaitwa jina lake. Miaka yote tulidhani ni jina la ukoo!

Ukimwita babu shujaa anakuwa mkali: "Mashujaa hawakurudi." Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, anavaa suti yake ya pekee, anazima redio, anakaa kimya mpaka jioni.

Mwaka huu kile kiti nitakikalia mimi. Nawe kama una mzee wa hivyo nyumbani, weka simu pembeni. Usimuulize aliua wangapi. Muulize rafiki yake aliitwa nani.

Pumzika babu.