Mchina ni Nani?

Kiswahili kina neno moja tu, Mchina, nami kwa miaka mingi nililiona latosha. Waliokuja kujenga reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975 walikuwa Wachina, basi. Hata siku moja nikamwita hivyo mgeni kutoka Indonesia, nikaona uso wake umebadilika.

Alinieleza kwa upole. Kwa Kichina, raia wa China ni Zhongguoren. Akikaa ng'ambo pasipo kuacha uraia wake huitwa Huaqiao. Na mwenye asili tu, awe raia wa nchi yoyote, ni Huaren. Yeye ni wa namna hii ya tatu. Mwaka 1955 China na Indonesia zilitia sahihi mkataba juu ya watu waliokuwa na uraia wa nchi zote mbili, na ulipoanza kutumika mwaka 1960 wakapewa miaka miwili wachague. Baba yake alichagua Indonesia.

Ungedhani uchaguzi huo ungemaliza maneno. Lakini mwaka 1967 serikali ilikataza sikukuu za Kichina zisisherehekewe hadharani, na katazo hilo likadumu hadi mwaka 2000. Tena iliagiza wenye asili hiyo waitwe "Cina", neno lenye dharau, badala ya "Tionghoa" walilojiita wenyewe. Agizo hilo halikufutwa mpaka mwaka 2014.

Neno langu na neno lile hufanana mno masikioni. Nilimwomba radhi, nikamwuliza nimwiteje. Akasema nimwite Mwindonesia. Habari za babu zake tutazizungumza tukipata nafasi.