Mkono Wangu wa Kulia

Msomaji, mimi ni mwanamke wa kujifanyia mambo yangu. Nafua, napika, naendesha gari, na hesabu za ofisi nafunga kabla bosi hajauliza. Basi jioni moja ya mwaka 2021 bodaboda niliyopanda pale Mwenge ikateleza, nikatanguliza kiganja cha kulia kwenye lami.

Zahanati ya kwanza wakanipiga eksirei moja, wakasema nimeteguka tu. Bandeji, vidonge vya maumivu, nyumbani. Mama mkwe akashauri nikakandwe kienyeji. Namshukuru Mungu sikukandwa! Siku ya sita kidole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa na ganzi, usiku silali. Mume wangu akasema, "Mke wangu, huku siyo kuteguka. Twende hospitali kubwa."

Huko daktari wa mifupa akataka picha ya ubavuni. Kumbe ndiyo inayosema ukweli. Kifundo cha mkono kina vifupa 8. Kimoja, chenye umbo la mwezi mchanga, kilikuwa kimebinuka kama kikombe kinachomwaga chai na kinagandamiza mshipa wa fahamu. Jirani yake, wa umbo la korosho, amekatika vipande viwili. Daktari akasema karibu robo ya majeraha haya hayagunduliwi mara ya kwanza, na kuchelewa ndiko kunakoharibu mkono. Kwa hiyo dada, ukianguka na vidole vikafa ganzi, usikubali kirahisi neno "umeteguka".

Nikapigwa nusu kaputi. Wakarudisha vifupa mahali pake, wakashona kano, wakatia skrubu ndogo kwenye ile korosho na waya za kushikilia vingine. Kisha wiki 8 za hogo.

Hapo ndipo ndoa ilipopimwa, jamani. Kuoga naogeshwa. Sidiria nafungwa na mtu ambaye maisha yake yote alijua kuifungua tu! Wiki ya tatu nikamfokea kwa sababu chai imezidi sukari. Akaweka kikombe mezani, akatoka. Nikalia. Wala haikuwa sukari, ni aibu ya kuhudumiwa kama mtoto. Aliporudi nikamwambia hivyo hivyo. Akajibu, "Na mimi naogopa kukuumiza, ndiyo maana nanyamaza." Miaka minne ya ndoa, na hatukuwahi kuambiana tunachoogopa.

Waya zilipotolewa, mkono ulikuwa mkavu kama mwiko. Ikafuata miezi ya mazoezi: kukamua sponji kwenye maji ya uvuguvugu, kuokota maharage moja moja, yeye anahesabu. Ganzi ikaisha taratibu. Daktari hakunidanganya, mkono haukunjiki wote na nguvu haikurudi yote. Chupa ya maji bado nampa anifungulie.

Sidiria nafunga mwenyewe siku hizi. Ila Jumapili najifanya nimeshindwa.