Saa Hii Unasikiliza Nini?

Kila Jumapili saa tatu usiku mmoja wetu huuliza swali lile lile: saa hii unasikiliza nini? Tuko wanne. Tulikaa chumba kimoja cha hosteli miaka miwili, na redio moja iliyoshikiliwa na mpira wa tairi isifunguke. Redio ilikuwa ya Wakili, ambaye tunamwita hivyo kwa sababu alisomea sheria. Shosho tunamwita Shosho kwa sababu saa mbili usiku alikuwa ashalala. Mrefu ni mrefu tu, hakuna hadithi hapo.

Kanuni yetu ni moja na Wakili ndiye aliitunga. Unatuma wimbo ambao umeusikiliza zaidi wiki hiyo, si ule ambao unataka watu wajue unausikiliza. Hizo ni nyimbo mbili tofauti kabisa, na mpenda muziki yeyote akikataa, anakudanganya.

Mimi niliivunja hiyo kanuni karibu mwaka mzima.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo, kama kawaida, na mambo mengine ambayo ni aibu zaidi ya karo, kama kulala mchana. Wenzangu niliwaambia nimeahirisha masomo, nitarudi Septemba. Septemba kadhaa zimepita. Kuishi nilikuwa naishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao. Msee hajamaliza digrii yake anaandikia wengine digrii zao. Nilicheka hiyo kitu peke yangu mara nyingi. Kisha programu za akili bandia zikaja, na wale wateja wakagundua kuna mtu anaandika haraka kuniliko na halali. Kazi zikakauka. Niliuza laptopu, nikatoka bedsita ya Kinoo nikahamia chumba cha mabati Kangemi, shilingi 2,500 kwa mwezi, choo cha plot.

Simu nilibaki nayo. Bando ndiyo sikuwa nayo. Jumapili jioni nilikuwa nanunua ile ya 20 bob ya saa moja, naingia kwa grupu yetu, naona wenzangu wametuma nini. Wakili: Wakadinali, kila wiki Wakadinali, hadi tukamuuliza kama amelipwa. Shosho: kitu chochote cha Bien. Mimi nilikuwa najibu "hii ni moto" kwa nyimbo ambazo sikuwa nimezisikia hata sekunde moja. Niliogopa nyimbo zingemaliza bando. Halafu nilikuwa natuma jina langu la wiki, jina tu bila linki. Mulatu Astatke, jazi ya Ethiopia. Ali Farka Touré. Albamu ya Ayub Ogada, *En Mana Kuoyo*, kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali kwamba ilitoka 1993 na mtu anayeijua anaonekana ana kina. Wenzangu walikuwa wananiheshimu sana. "Huyu msee ako kwa level zingine," Shosho aliandika siku moja, na nikalala njaa nikiwa kwa level zingine.

Kwa kweli nilichokuwa nasikiliza ni redio ya jirani.

Jirani ni mzee anayelinda geti la mtu huko Westlands. Alikuwa anarudi kwa miguu, anafika saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, na mabati ya kati yetu ni membamba hivi kwamba nilijua akifungua kufuli, akivua viatu, akiweka sufuria ya chai kwa stovu. Kisha karedio kake kadogo ka memori kadi. Kadi haikubadilishwa, kwa hivyo mpangilio ulikuwa ule ule kila siku. Les Wanyika kwanza, "Sina Makosa". Halafu Mbaraka Mwinshehe. Halafu mahubiri ya dakika kumi na moja ambayo hata yeye hajui yaliingiaje humo. Halafu Super Mazembe. Kufikia hapo chai ishaisha na mzee anakoroma, redio inaendelea kuniimbia mimi.

Mwanzoni nilichukia. Kuamshwa na rumba ukiwa huna mahali pa kwenda ni matusi. Lakini baada ya miezi nilikuwa naamka kabla yake, nangoja lile gitaa la mwanzo la Les Wanyika, ambalo nadhani ndilo gitaa tulivu zaidi lililowahi kurekodiwa Nairobi. Siku mzee akichelewa, nilikuwa nakosa amani. Hiyo ndiyo ilikuwa ngoma yangu ya wiki, wiki baada ya wiki, na sikuthubutu kuiandika. Ningeandika nini? Redio ya mtu mwingine kupitia ukuta?

Sasa Mrefu. Mrefu alienda Doha mwaka 2023 kuwa soja. Aliacha mtoto wa miezi mitano na mamake mtoto. Kule alikuwa anatuma nyimbo za injili zaidi, na hatukusema kitu; mtu akiwa mbali mwache aimbe anachotaka. Lakini mwishoni mwa 2024 akatuma "Kasongo" ya Super Mazembe.

Kama ulikuwa Kenya wakati huo unajua. Huo wimbo wa miaka ya sabini ulifufuka ghafla. Ulikuwa kwa matatu, kwa harusi, kwa simu ya kila mtu, kwa sababu watu walikuwa wamempa Rais hilo jina la utani. Kwa hivyo Mrefu alipoutuma, tulicheka. Wakili akaandika insha nzima ya siasa. Jumapili iliyofuata Mrefu akautuma tena. Tukacheka, lakini kidogo. Ya tatu akautuma tena, bila neno, na Shosho akamwambia, "Buda, badilisha santuri." Mrefu akajibu na kidole gumba. Jumapili ya nne hakutuma kitu.

Jumanne yake nilikuwa nje nafua, mzee ameacha mlango wazi, na redio ikafika kwa Super Mazembe. Nilicheka kwa sauti.

"Unacheka nini, kijana?"

"Si ni huyu Kasongo, mzee. Ule wa siasa."

Mzee alinitazama kama mtu anayetazama kuku aliyeingia kanisani. "Hiyo ya siasa ni yenu. Mwenye wimbo hana habari nayo."

Akanieleza akiwa amesimama mlangoni na kikombe. Kwamba hawa walikuwa Wakongo waliokuja Nairobi miaka hiyo ya sabini wakapafanya kwao. Kwamba yeye alijifunza Kilingala cha kudensi tu, lakini huo wimbo anaujua. "Huyo ni mke. Bwanake ameenda akapotelea huko. Anamwita arudi nyumbani." Akanywa chai. "Hakuna kuchekesha hapo."

Niliacha nguo kwa beseni. Nilinunua bando ya 20 bob siku isiyo Jumapili na nikamwandikia Mrefu pembeni, si kwa grupu. Nilimuuliza kwa nini huo wimbo. Alijibu baada ya dakika chache, kule ni mchana pia.

"Mamake Baby ndiye alinitumia. Nikadhani ni ile jokes yenu. Nikamtumia emoji za kucheka. Akaniuliza kama nimeuskiza. Nikamwambia eeh. Kesho yake akaniuliza tena. Ndio nikaanza kuuskiza nione ni nini sioni."

Nilikaa na hiyo meseji. Saa yangu moja ilikuwa inaenda. Ningeweza kumwambia sijui. Ningeweza kumtumia kidole gumba. Mkataba wake ulikuwa umebaki miezi kumi na, kama alivyowahi kutuambia, paspoti haikuwa mkononi mwake. Kumwelezea mtu anaitwa nyumbani na hawezi kwenda, hiyo ni msaada ama ni ukatili? Mpaka leo sijajua.

Nilimwambia.

Tiki mbili za bluu. Kisha kimya, siku tatu. Halafu: "Sijui kama alijua maana. Naogopa kumuuliza."

Jumapili Wakili aliuliza swali letu. Nilikaa na simu mpaka dakika ya arobaini ya bando yangu, kisha nikaandika ukweli: nasikiliza redio ya jirani kupitia mabati. Sijafungua wimbo wenu hata mmoja tangu Februari. Huyo Mulatu sijawahi kumsikia vizuri. Na chuo sirudi Septemba, niliacha.

Shosho akauliza kama nimehakiwa. Wakili hakusema chochote, akanitumia 500 kwa M-Pesa, jambo ambalo liliniudhi na nikazitumia.

Mrefu aliingia saa nne kasoro. Hakutuma wimbo. Alituma sauti aliyorekodi, sekunde arobaini na nane: eyasii ya chumba chao ikinguruma, mtu anakoroma, mwingine anaongea na simu kwa lugha ambayo siijui, chini chini, kama anabembeleza mtoto. Chini yake akaandika, "Hii ndio naskiza."

Niliisikiliza mara sita. Kesho yake asubuhi, saa kumi na mbili na dakika arobaini, nikaegemeza simu kwa ukuta nikabonyeza rekodi. Kufuli. Viatu. Sufuria. Gitaa la Les Wanyika. Mzee aligonga mabati akauliza mbona niko kimya hivyo leo, kwani ni mgonjwa? Nikamwambia narekodia rafiki yangu, yuko Uarabuni.

"Mkenya?"

"Mkenya, mzee."

Akaongeza sauti.