Habari za mpira nilizozikuta nyumbani

Mimi siyo mtu wa kuandika, lakini nimeomba nafasi kidogo niwaeleze jambo lililonipata mimi na mwanangu wa kwanza. Wazazi wenzangu mtanielewa.

Ni habari ya mwaka 2025. Tarehe 2 mwezi wa nne, Jumatano, saa tatu usiku, tulikuwa tumebanana kwenye benchi la kibanda cha video tukiangalia Liverpool na Everton. Kijana wangu ana miaka 14, ni Liverpool wa damu. Mimi ni mtu wa Arsenal, kazi yetu ni kuvumilia tu. Kipindi cha pili Diogo Jota akapenya katikati ya mabeki, akafunga. Moja bila, na mpira ukaisha hivyo. Njia nzima ya kurudi nyumbani kijana alikuwa anaimba jina la Jota, mpaka mama yake akamwambia anyamaze, mtoto mchanga amelala.

Siku mbili baadaye binti yetu wa miaka saba alianguka kutoka kwenye mwembe, akavunjika paja. Tukapelekwa hospitali Lilongwe. Mama ana mtoto wa kunyonya, basi nikaenda mimi. Nilifikiri ni wiki mbili. Zikawa wiki kumi na nne.

Wale mliowahi kuuguza mtu mjini mnajua. Mtoto yuko kitandani, mguu umefungwa kamba na uzito unauvuta. Wewe unapika nje, unafua, unalala chini. Simu yangu ya tochi nilikuwa naichaji kwa kulipa. Nikipiga nyumbani, dakika zenyewe chache: Unga upo? Mtoto anakohoa bado? Kijana akishika simu namwambia, "Soma, chota maji, msaidie mama." Anajibu, "Ndiyo, Papa." Basi, imeisha. Mpira haukuwa na nafasi katika dakika zile. Halafu mwanzoni mwa mwezi wa saba betri ikavimba, simu ikazima kabisa.

Tarehe 14 mwezi wa saba tukaruhusiwa. Binti na magongo yake, mimi na masufuria, tukapanda minibasi ya kurudi. Pembeni yangu kulikuwa na kijana mmoja wa Kimalawi amevaa kofia ya Manchester United. Nikamwambia, ndugu yangu, mimi nimetoka hospitali, sijui lolote la mpira tangu mwezi wa nne. Eh! Alifurahi kama mtu aliyepewa maiki.

Akaniambia Liverpool walichukua ubingwa wa Uingereza tarehe 27 mwezi wa nne, wakaipiga Tottenham tano kwa moja na mechi nne bado zimebaki. Ni ubingwa wa 20, sasa wako sawa na Manchester yake, na hilo lilimuuma. Akaniambia Crystal Palace wamechukua kombe la FA, wamemfunga Manchester City moja bila, kombe kubwa la kwanza tangu timu ianze. Nikasema unanidanganya. Akaapa. Tena Tottenham, waliomaliza ligi nafasi ya 17, wameifunga Manchester United moja bila kule Bilbao na kubeba kombe la Europa. Hapo alishusha sauti kabisa. Na Paris? Wameichapa Inter tano bila kwenye fainali ya mabingwa kule Munich tarehe 31 mwezi wa tano. Haijawahi kutokea fainali ya kombe lile ikaisha kwa tofauti kubwa namna ile. Minibasi nzima ikaanza kubishana, hata konda.

Yule kijana alishuka Lumbadzi, kabla hatujafika habari za mwezi wa saba.

Mimi nikafika nyumbani na utani wangu tayari mdomoni. Mama akalia kwa furaha, majirani wakaja kumwona mtoto. Kijana wangu alikuwa amesimama mlangoni, amerefuka. Nikampigia kelele mbele ya watu wote: "Bingwa! Jota wako yuko aje?"

Hakujibu. Akaniangalia, akatoka nje.

Nikasema, huyu mtoto amepoteza adabu. Mama yake akanishika mkono. "Jota amekufa," akasema. "Na mdogo wake, kwenye gari, kule Hispania. Tarehe 3. Mwanao hakula siku mbili."

Wapenzi, nilikaa chini. Jota alikuwa na miaka 28. Alikuwa amefunga ndoa siku 11 tu kabla, na ameacha watoto watatu. Mdogo wake, André Silva, naye mchezaji, alikuwa na miaka 25.

Nilimkuta kijana nyuma ya nyumba. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu, sikujua." Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo sijayasahau:

"Papa, siku ile tulipiga simu yako, haipatikani. Kesho yake haipatikani. Mimi nikasema na nyinyi mmepata ajali njiani, wewe na mdogo wangu."

Kumbe kilio chote kile hakikuwa cha mpira peke yake. Mtoto alikuwa amebeba mzigo wa baba, wa dada na wa barabara, na hakuna aliyemuuliza. Kwenye simu mimi nilikuwa namuuliza maji.

Akaingia ndani, akaleta daftari la hesabu. Kurasa za nyuma alikuwa ameandika kila mechi tangu siku niliyoondoka: tarehe, magoli, nani kafunga. Hata zile za Arsenal, hata ile nusu fainali tuliyotolewa na Paris. Aliandika, akasema, "ili ukirudi usikute umepitwa." Ukurasa wa mwisho kulikuwa na namba moja tu, 20, kubwa, imepakwa kalamu nyekundu. Tarehe 11 Liverpool walikuwa wametangaza kwamba jezi hiyo ya Jota haitavaliwa tena na mchezaji wao.

Usiku ule tulikaa kwenye mwanga wa tochi, akanisomea daftari mechi moja moja. Yule wa minibasi alikuwa ameshanieleza makombe yote, lakini nilijifanya mgeni. Goli la Paris la tano nilishangaa kama ndiyo nalisikia mara ya kwanza. Akacheka. Dada yake naye akacheka, magongo yako pembeni.

Tangu siku hiyo nimejiwekea sheria. Nikisafiri, hata ikibaki dakika moja ya simu, nauliza unga, halafu namwambia mwanangu: nipe habari za mpira. Kwenye hizo habari za mpira ndipo nasikia kama yuko salama.

Ni mimi, baba wa watoto wanne, Dzaleka.