Lalago hadi Muhimbili: saa moja angani, kutwa nzima njiani

Mzazi akiandikiwa rufaa ya kumpeleka mtoto Muhimbili, siku hizi huiuliza simu kwanza: Mwanza hadi Dar es Salaam ni mbali kiasi gani kwa ndege? Jibu linatia moyo. Uwanja hadi uwanja ni takriban kilomita 850, na Airbus huzimaliza kwa saa moja na robo hivi. Bombardier ya mapangaboi huchelewa kidogo. Kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,100.

Sasa tuhesabu kuanzia mlangoni kwako Lalago.

Kwanza ufike Maswa mjini, na mvua ikiwa imenyesha unajua wenyewe udongo wetu wa mbuga unavyonata. Kutoka Maswa ni lami: kilomita 50 hadi Bariadi, nyingine 72 hadi Lamadi, kisha unashika barabara ya Musoma kuelekea Mwanza kupitia Magu. Mimi naipenda njia hii, hasa pale Ziwa Victoria linapoanza kuonekana. Mtoto mwenye homa hana habari na ziwa. Basi linasimama kila kituo, na uwanja wenyewe uko Ilemela, ambako unatakiwa kufika saa mbili kabla ya ndege kuruka.

Kabla hujakata tiketi, muulize daktari swali moja: Bugando hawawezi? Ni hospitali ya rufaa ya kanda, iko hapo hapo Mwanza, na matatizo mengi ya watoto hutibiwa pale bila kupanda ndege.

Kama lazima Dar, uliza la pili: mtoto wangu anaweza kuruka? Hewa ndani ya ndege huwa nyepesi, kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Ni kama umempandisha Njombe kwa nusu saa. Mtoto mwenye afya hasikii kitu. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo, upungufu mkubwa wa damu, nimonia, au selimundu, ile tunayoiita sikoseli na ambayo Kanda ya Ziwa tunaijua vizuri, anaweza kuzidiwa. Daktari akisema anahitaji oksijeni, shirika la ndege liambiwe mapema na lipewe barua yake. Usingoje kaunta.

Mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara tangu Lalago, na avae sweta. Ndani ya ndege kuna baridi. Mtoto mchanga mnyonyeshe ndege inapopaa na hasa inaposhuka, kwa sababu kumeza huzibua masikio. Akiwa na mafua makali, mwambie daktari.

Chukulia ndege ni ya saa nane mchana. Unaondoka Lalago alfajiri, saa kumi na moja. Dar unatua saa tisa na kitu, unasubiri mizigo, unaingia kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere. Muhimbili unafika jioni, kliniki zimeshafungwa. Kwa hiyo miadi iombwe ya kesho yake, na mahali pa kulala karibu na Upanga patafutwe kabla hujaondoka nyumbani. Ndege ikiwa ya asubuhi, laleni Mwanza.